Nisiporudi, Haiwi

Misi mwanangu,

Kya. Ni sauti ndogo, kama ya mkasi ukikata uzi, na imekaa sikioni mwangu tangu nilipoisikia katika ukumbi mwembamba wa nyumba moja kule Queensbury. Bi Hisako, yule bibi wa Kijapani niliyekuwa namtunza, alikuwa amesimama mbele ya mlango, koti juu ya nguo ya kulalia, mkoba umebanwa kwapani. Alinitazama kama mtu anavyomtazama askari wa mpakani. "Kaeranakya," akasema. Nikangoja amalize. Hakumaliza. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni naisikia ile kya ya mwisho, na najikuta bado nangoja.

Nakuandikia mchana, wewe ukiwa umekwenda Woolwich kuwaaga marafiki zako. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Japani, kama utakwenda. Hilo "kama" ndilo lililoniketisha hapa. Jumapili uliniuliza swali, na mimi niliye na maneno mengi kuliko haja, nimekuwa nikikujibu kwa kukumenyea machungwa na kukukunjia nguo. Umesema utalingoja neno langu mpaka asubuhi. Umesema nikikwambia ni lazima, utaifuta safari ya Osaka, utakwenda Mombasa kumuosha bibi yako mgonjwa.

Basi sitakuandikia habari za soksi nzito wala namna ya kupika wali kwenye jiko la bweni. Hayo utayajua kwa kuunguza sufuria. Nataka kukwambia mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia, na nikilia utabaki.

Nilipopata kazi kwa Bi Hisako, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshakula Kiingereza chake chote, ukabakiza Kijapani. Mwanawe wa kiume aliishi mbali, akipiga simu. Walioniajiri waliniambia sihitaji kujua lugha. Mgonjwa anahitaji kula, kuoga na kulala. Lakini unanijua. Nilisomea isimu, nikaacha chuo tumbo lilipokuwa kubwa, nikarudi kuimaliza shahada kwa masomo ya jioni wewe ukilala kwenye gari lako la kusukumwa nyuma ya darasa. Mtu kama huyo hawezi kumsikia mwenziwe akizungumza kutwa nzima asimwelewe, halafu arudi nyumbani alale usingizi. Nikaenda maktaba nikachukua vitabu vya sarufi. Ulikuwa bado mdogo, meno ya mbele hayajaota vizuri. Ukapanda kiti cha pili ukauliza kama hii ni siri. Nikakwambia ndiyo, ni siri. Tukaanza.

Nilichelewa kuelewa kwa nini ulikipenda Kijapani namna ile. Kiswahili changu kwako kilikuwa amri. Vaa. Kula. Fanya haraka. Lazima uoge. Lazima umsalimie bibi kwenye simu. Nilirudi kazini nimechoka, na lugha ya mama yangu nikaitumia kama upawa wa kugongea meza. Wewe ulielewa kila neno, ukajibu kwa Kiingereza, kama mtu anayepokea mzigo mlangoni asimkaribishe ndani aliyeuleta. Kijapani hakikuwahi kukuamrisha. Ndani yake sote wawili tulikuwa wajinga, na ujinga wa pamoja una raha yake. Ulikuwa unanisahihisha! Ulikuwa unaniambia, "Mama, hapana, sikiliza tena," na macho yako yanawaka.

Kisha tukafika sura ya wajibu.

Unakumbuka ulivyocheka? Wajapani, kwa kawaida, hawachukui neno moja kama "lazima" wakalipigilia mwanzoni mwa sentensi kama msumari. Wanakataa kitu, halafu wanakataa kukataa kwao. Ikanakereba naranai: kutokwenda, haiwi. Tabenakereba ikenai: kutokula, haifai. "Mbona wanazunguka hivyo?" ukasema. "Si waseme tu!" Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria sisi tunavyosema sina budi, yaani sina pa kukwepea. Nalo pia ni neno la kukataa. Watu wa pande mbili za dunia, wakifika mahali ambapo hakuna hiari, hawalitaji jambo lenyewe. Wanataja milango iliyofungwa.

Na ile kya, nikaja kujua, ndiyo sentensi hiyo hiyo ikiwa imechoka. Katika mazungumzo ya nyumbani hawaifikishi mwisho. Wanasema "nisiporudi" na hapo wanaikata, nusu ya pili anaimalizia msikilizaji kifuani mwake. Haiwi. Nisiporudi, haiwi. Bi Hisako hakuwa amesahau kumaliza. Alikuwa ameniachia mimi.

Jambo jingine lilinikaa zaidi. Sentensi yao haisemi ni nani. Kutokwenda, haiwi: kutokwenda kwa nani? Anayesikiliza atajua mwenyewe. Kiswahili hakikuachii pa kujificha. Niende, uende, aende. Mwenye mzigo anatajwa kabla kitenzi hakijafungua mdomo. Nilidhani huo ni ubora wa lugha yetu, kwamba ina ujasiri. Sikujua kwamba watu wetu nao wana njia zao.

Acha nikumalizie habari za Bi Hisako, maana sijawahi kukusimulia yote.

Kila alasiri alikuwa anataka kutoka. Siku moja nilikuwa bafuni nikisafisha, akanitoka. Aliyemrudisha ni jirani yake, Mama Kokila, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, akiwa amemshika mkono kama bibi harusi. "Mama, hii bibi yako iko na slipa barabarani!" akanipigia kelele. "Yeye naonyesha mkono, nataka kwenda nyumbani. Nyumbani ni hapa!" Halafu akaniangalia, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mimi pia nataka kwenda nyumbani, Makadara. Wewe, nani atapeleka sisi?"

Nilicheka naye. Lakini niliogopa pia, kwa kuwa barabara ile ina magari ya kasi. Nikarudi vitabuni kutafuta dawa, na dawa nikaipata katika sura hiyo hiyo ya wajibu, kurasa chache mbele: umbo la kumwondolea mtu lazima. Nakute mo ii. Hata usipofanya, ni sawa. Nikajifunza kwenye treni, midomo ikitembea, watu wakinitazama. Siku ya pili yake aliposimama mlangoni na mkoba akasema kaeranakya, nikamshika mabega nikamwambia kwa sauti ya upole niliyokuwa nayo: "Kaeranakute mo ii desu yo." Si lazima urudi, bibi. Hata usiporudi, ni sawa.

Alikaa kwenye ngazi. Mkoba ukamteleza. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza daktari, "Hakuna anayeningoja?"

Misi, niliuokota ule mkoba nikauweka pembeni. Tangu siku ile hakusimama tena mlangoni. Waliokuwa wananisimamia walifurahi, wakaandika kwamba ametulia. Alikaa kwenye kiti chake akitazama bustani, akala nilichomlisha, na majira ya baridi yaliyofuata akafa. Sisemi nilimuua. Nasema ile lazima ndiyo iliyokuwa anwani yake, na mimi kwa huruma yangu ya kitabuni niliifuta. Nilidhani mtu akiondolewa mzigo anakuwa huru. Kumbe wakati mwingine anasikia tu kwamba hatakiwi.

Nakwambia haya ili ujue kwa nini Jumapili ulipouliza sikukujibu haraka, "Si lazima, mwanangu, nenda zako."

Wewe ulisikia nusu ya simu ya mjomba wako. Hii hapa yote. Nilikuwa napiga pasi, simu iko kwenye spika, Athumani hata hakusalimu vizuri.

"Bi Saumu magoti yamemshinda, dada. Amemuosha mama tangu kiharusi kimpate, kwa hisani tu, jirani wa watu. Sasa hawezi kumnyanyua."

"Na wewe?"

"Mimi mwanamume. Nimvue mama yangu nguo? Hata yeye hatakubali, atafumba macho afe kwa aibu. Inabidi aje mtu."

"Mtu gani, Athumani?"

"Mtu. Mwanamke wa damu."

"Unajua mimi kibali changu kiko Croydon, kwa watu wa uhamiaji, hakijajibiwa. Nikitoka nchini..."

"Najua, Croydon. Kila nikipiga simu, Croydon. Huyo Croydon angekuwa mwanamume ningeshakula mahari yake." Alikuwa anajaribu kunichekesha. "Lakini somo yake si yupo?"

"Somo yake anakwenda kusoma Japani."

"Japani kufanya nini, kununua gari? Magari yanakuja yenyewe hapa bandarini Kilindini, wala hayajasoma!" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Dada, mama anaita. Kutwa anaita Mwanahamisi, Mwanahamisi. Sisi tunadhani amechanganyikiwa, anajiita mwenyewe. Kumbe anamuita somo yake."

Unaona walivyofanya? Kiswahili kinadai mwenye mzigo atajwe, nao wakaleta "mtu". Na mtu huyo alikuwa na jina tangu azaliwe. Ulipozaliwa nilimpigia bibi yako simu kutoka wodini nikamwambia nimekupa jina lake, akapiga vigelegele mpaka Athumani akadhani kuna harusi. "Nimejizaa Ulaya," alisema. "Sasa nina miguu mipya." Kwetu somo ni kama nafsi ya pili. Anayebeba jina la bibi anapewa kanga zake, anataniwa kuwa ni mke mwenza, na bibi akilala kitandani, macho ya watu wote yanamgeukia yeye. Nilikupa jina lile kwa mapenzi, na kwa upweke, nikiwa na umri wako huu ulio nao sasa, baba yako ameshaondoka. Nilitaka niwe na mama yangu chumbani. Sikufikiri kwamba ninamwandikia mtoto mchanga zamu.

Nilipokata simu ukawa umesimama kwenye kizingiti cha jikoni, mswaki mkononi.

"Niende mimi?" ukasema.

Kwa Kiswahili. Wewe usiyenijibu Kiswahili hata nikikuuliza kama umekula. Lafudhi yako ilikuwa ya mtoto, na neno lilikuwa la mtu mzima. Pasi ikaunguza shati. Ukarudi kwenye Kiingereza chako, polepole, kana kwamba mgeni wa lugha ni mimi: nikikwambia ni lazima, utakwenda, na hutanilaumu kamwe. Lakini lazima niseme mimi.

Nataka ujue nilivyokaribia.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi na chafu. Mtu akitoka nchini maombi yake yakiwa hayajajibiwa, yanahesabika kwamba ameyaacha. Vibali vyangu vyote vya nyuma nilivipata kwa kuwa mama wa mtoto wa hapa, na mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye pasipoti yake. Nikiiacha foleni hii, sioni nyingine. Wewe ukienda Mombasa, bibi ataoshwa na damu yake, Athumani atalala, mimi nitabaki kwenye foleni, na Osaka, nilijiambia, Osaka haihami. Jumatatu kwenye basi la kwenda kazini niliitunga sentensi. Niliipamba. Nilitafuta sauti. Jumatano nilifika mpaka mlangoni kwako nayo mdomoni, nikakusikia unarudiarudia vitenzi kwa sauti ya chini, unajikosoa, unaanza upya, unajichekea. Nikarudi jikoni nikafungua bomba ili usinisikie.

Nilimchukia mama yangu jioni ile kwa kuugua. Nikakuchukia na wewe kwa kuwa mwema. Laiti ungekuwa mtoto wa kupiga mlango na kusema hainihusu! Ningekulazimisha bila huruma. Lakini ulikuja na shingo yako umeshaiinamisha.

Nakumbuka siku niliyoondoka mimi. Bibi yako alinishika mkono uwanja wa ndege, akanirekebisha mtandio, akasema, "Lazima ufaulu." Basi. Nadhani hakulikumbuka hata neno hilo alipofika nyumbani kupika. Mimi nililibeba. Nilipopata mimba sikurudi kwa sababu sikuwa nimefaulu. Nilipomaliza shahada nikaishia kuosha wazee, sikurudi kwa sababu huko hakukuwa kufaulu. Kila nilipokaribia kurudi palikuwa na karatasi, na nakiri kwamba kuna miaka nilizishukuru karatasi. Neno lililosemwa na mama mwenye kihoro, mbele ya mizigo, lilinikaa utu uzima wote. Kwa hiyo kama kuna ninachojua juu ya lazima, ni hiki: ukipewa na unayempenda siku ya kuondoka, hutajua tena kuitofautisha na mifupa yako.

Sitakupa.

Lakini na lile jingine siwezi kukupa, lile la Bi Hisako, la hata usipofanya ni sawa. Si sawa. Bibi yako anakuita. Mimi mwenyewe nikifikiria chumba chako kitupu nakwenda kukitandika tena kitanda chako. Nimetafuta katika lugha zetu zote tatu umbo la kitenzi linalosema mambo mawili kwa pamoja, kwamba hulazimiki na kwamba unangojwa, na sikuliona. Huenda walimu wako wa huko watakuonyesha. Kama halipo, basi watu huliacha lisemwe kwa vitendo.

Kuna siku utakuwa na mtu mbele yako amesimama mlangoni na koti lake. Usiwe na haraka ya kumzuia wala ya kumfungulia. Muulize kwanza anakwenda kwa nani. Mimi sikuuliza. Mpaka leo sijui ni nani Bi Hisako alikuwa anamrudia, kama ni mumewe aliyekwisha kufa au mama yake au mtoto aliyemwacha na sahani mezani, na ningetoa chochote kulijua jina hilo.

Sasa nikueleze kesho, kwa sababu barua hii nitaiingiza kwenye mfuko wa mbele wa begi lako la mkononi, ndani ya kitabu unachosoma, na hutaiona mpaka mko juu. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Umenitaka niamue, na uamuzi unaoweza kubishiwa mlangoni si uamuzi.

Asubuhi utaniuliza tena. Nitakujibu, "Nenda." Utaniuliza nani atamuosha bibi. Nitakwambia amepatikana. Utaniangalia uone kama nasema uongo, na hutaona, kwa kuwa sitakuwa nasema uongo.

Jana niliiandikia ofisi ya uhamiaji kwamba nayaondoa maombi yangu. Sikungoja yahesabiwe kuwa nimeyaacha; nilitaka mkono uwe wangu. Wamejibu kwamba wamepokea. Kazini nimeaga. Nyumba hii ya Thamesmead nimeshaitolea notisi, na vitu vyako ulivyoviacha kabatini vitahifadhiwa na Mama Furaha wa ghorofa ya chini, ambaye alinililia kwa Kiswahili chake cha Bukavu kisha akaniuliza kama anaweza kuchukua meza. Nimempa meza.

Athumani nilimpigia leo baada ya wewe kutoka.

"Nakuja mimi," nikamwambia.

Akauliza: "Na Croydon?"

"Kumekwisha."

"Utarudije huko, dada?"

"Sijui."

"Na mtoto?"

"Mtoto anakwenda shule."

"Nitamwambia mama," akasema, na sauti yake ikawa ya yule mdogo wangu niliyekuwa namfunga viatu.

Usidhani nimelipa kwa maisha yangu ili wewe usome. Usinibebee hilo, nakusihi. Naogopa, Misi. Naogopa kufika mtaani kwetu na nywele za mvi na mikono mitupu, naogopa mwili wa mama yangu jinsi utakavyokuwa mwepesi, naogopa kwamba nitakapouosha nitakuwa nafanya kazi ile ile niliyoifanyia wageni ugenini, na nitaifanya kwa ustadi, bila machozi. Lakini namtaka mama yangu. Hakuna aliyeniambia neno hilo; nimelikuta ndani.

Wewe una pasipoti inayofungua milango. Ukitamani kumwona somo yako, njoo. Usipokuja, nitamwambia kila siku uliko na unasoma nini, na nitamfundisha kulitamka jina la mji wako.

Kesho, ukishapita ukaguzi na kugeuka kunipungia mkono, utadhani ninakwenda kushika treni. Sitakwenda. Mama Furaha atakuwa ameshaleta begi langu mpaka pale pale Heathrow. Ndege ya Nairobi inaondoka jioni, ya Mombasa inafuata alfajiri. Tikiti nimeinunua, ni ya kwenda tu.

Mamako